Mkahawa wa Nyumbani

Neno mkahawa limezaliwa na neno kahawa. Lugha ilipotaka jina la nyumba ambamo watu huketi na kunywa, haikutazama kuta zake wala viti vyake, ilikitazama kikombe. Lakini watu hawaendi mkahawani kwa ajili ya kikombe peke yake. Kama ingalikuwa hivyo, mikahawa mingi ingalifungwa zamani, kwa sababu kahawa ni kinywaji kiwezacho kupikwa katika kila nyumba: hutaka buni, moto, maji na mtu mwenye subira. Jambo hili laonekana dogo na wazi. Hata hivyo, mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa historia mjini Tanga alichukua karibu mwaka mzima kulijifunza, na mwalimu wake alikuwa binti yake mwenyewe.

Mzee huyo alifundisha kwa miaka 36. Katika miaka hiyo yote, jua lilipopungua ukali, alikwenda kuketi barazani pamoja na wenzake. Muuza kahawa alikuwa akifika na dele lake la shaba juu ya jiko dogo la makaa, akigonganisha vikombe mkononi, na mlio ule ulitosha kuwa mwaliko. Kahawa yake ilikuwa nyeusi na chungu, ina tangawizi, haina sukari. Utamu ulitoka katika kipande cha kashata kilichotafunwa kando. Kikombe kilikuwa kidogo hata mwenye pupa angaliweza kukimaliza kwa mafunda matatu, lakini hakuna aliyekuwa na pupa. Watu walikunywa kama walivyozungumza, kidogo kidogo, wakipumzika katikati. Hapo mzee alisikia habari za misiba na harusi, bei ya samaki, hoja za siasa na maana za mafumbo. Hakupata kufikiri hata siku moja kwamba alikuwa akilipia kitu kingine ila kahawa. Na kahawa ilikuwa rahisi.

Mkewe alipofariki dunia, binti yake wa pekee alimwita Dar es Salaam. Binti alikuwa mhasibu katika ofisi moja. Mumewe alifanya kazi Mwanza, akirudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, na mtoto wao wa kiume alikuwa na umri wa miaka 11. Walikaa ghorofa ya tatu katika jumba lenye familia nyingi. Mzee alipewa chumba chenye dirisha kubwa, kitanda kipya na taa ya kusomea. Alipewa kila kitu ila baraza. Majirani wa jumba lile walipishana ngazini wakisalimiana kwa haraka, kama watu wanaoikimbia mvua.

Binti alikuwa na desturi moja. Kila atokapo kazini alipitia katika mkahawa wa mtindo wa siku hizi, akanywa kikombe kimoja cha kapuchino, kisha akarejea nyumbani. Jumamosi moja alimchukua baba yake huko. Mzee aliuona mtambo unaong'aa ukivuma kama gari linalopanda mlima. Aliwaona watu wameketi kila mmoja na meza yake, kila mmoja na kompyuta yake au simu yake, na hapana aliyemwamkia mwenziwe. Alionja kinywaji kilichofunikwa na povu la maziwa, akakiona ni kizuri. Kisha ikaletwa hati ya malipo. Bei ya vikombe viwili vile haikuwa mbali na bei ya kilo nzima ya buni sokoni.

Hakusema neno la lawama. Fedha ilikuwa ya jasho la binti, si yake. Lakini mzee aliyezoea kusahihisha daftari hawezi kuuzuia moyo wake usihesabu. Mwezi una siku 22 za kazi. Siku 22 ni vikombe 22. Tena usiku mmoja, bila kukusudia, alikuwa amemsikia binti yake akizungumza na mumewe kwa simu juu ya ada ya shule iliyochelewa. Bandu bandu huisha gogo.

"Mwanangu," alisema, "kinywaji hiki nitakupikia nyumbani."

Binti alicheka. "Ukiweza, baba, sitakuja tena hapa."

Yalikuwa maneno ya mzaha, lakini baba aliyachukua kama mkataba.

Mwalimu wa historia hawezi kupika kitu bila kukitafutia nasaba. Alimweleza mjukuu wake kwamba mbuni wa arabika asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia. Kwamba katika karne ya 15 Masufi wa Yemen walikunywa kahawa ili wakeshe katika ibada. Na kwamba bandari ya Mokha ilisafirisha buni kwa muda mrefu hata jina la bandari likawa jina la kahawa. Alimweleza kwamba Wahaya wa Bukoba walizitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa, wakimkaribisha mgeni kwazo, kabla ya mtu yeyote kuwaletea habari za mikahawa. Kisha akamwambia jambo lililomstaajabisha yeye mwenyewe. Mwaka 1933 wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, ili waiuze kahawa yao kwa sauti moja. Mwaka huo huo, huko Italia, lilitoka katika karakana ya Alfonso Bialetti birika dogo la alumini liitwalo Moka, nalo likawawezesha watu wa kawaida kupika jikoni mwao kahawa nzito iliyokaribia ile ya mikahawa. Katika mwaka mmoja huku watu walijipanga kuuza, na kule watu walijipanga kunywa. Hata leo sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huvuka bahari, na mtoto wa nchi ya kahawa aweza kukua bila kuijua buni kwa macho.

"Basi leo utaijua," mzee alisema, akafungua mfuko wa karatasi. Ndani zilikuwamo punje za kijani zisizo na harufu ya kahawa hata kidogo. Mtoto alidhani babu yake amedanganywa sokoni.

Kwanza walizichagua, wakatoa zilizooza na zilizotobolewa na wadudu, maana punje moja mbovu huharibu kikombe kizima. Kisha mzee aliweka kikaango cha chuma motoni, kikavu, bila mafuta, akazitia buni na kuzikoroga bila kupumzika. Punje ziligeuka manjano, zikanukia kama majani makavu, halafu kama mkate uliobanikwa. Zilipokuwa za rangi ya udongo zilianza kualika mmoja mmoja, kama bisi. Mlio huo huja joto la punje likaribiapo nyuzi 200 za Selsiasi. Mvuke uliofungwa ndani huipasua punje, na tangu hapo buni huwa kahawa. Mpishi mwenye busara huiepua baada ya muda mfupi, huipepeta katika ungo ipoe upesi, na huiacha walau usiku mmoja itoe gesi iliyozaliwa na joto. Apimaye ataona kwamba imepungua uzito kwa sehemu 15 hata 20 katika kila 100. Hasara hiyo ni ndogo, kwa kuwa buni mbichi hukaa miezi mingi bila kuharibika, na kahawa iliyosagwa hupoteza harufu yake katika siku chache. Mnunuzi wa buni mbichi hununua kwa bei nafuu kitu kinachodumu.

Siku ile ya kwanza mzee hakuwa mpishi mwenye busara. Alisimulia habari za Mokha hata moshi ukajaa jikoni, ukatoka dirishani, ukapanda kwa jirani wa ghorofa ya nne. Jirani alishuka mbio, akagonga mlango akiuliza kama kuna moto. Mzee aliona haya, akamwomba radhi, akamkaribisha. Walitwanga zile punje chache zilizosalimika, wakazipika kwa tangawizi, wakanywa pamoja. Ilikuwa kahawa mbaya. Jirani alikaa saa nzima. Alikuwa mtu wa Pangani, na kwa miezi minane walikuwa wamepishana ngazini bila kulijua jambo hilo.

Kahawa ya baraza ilikuwa rahisi kwa mzee baada ya siku chache: gramu 60 za unga kwa lita moja ya maji, tangawizi iliyopondwa, iliki mbili au tatu, moto wa taratibu, kisha kuliacha dele litulie ili mashapo yazame. Kapuchino ilikuwa shida. Mtambo wa mkahawani hupitisha maji ya moto katika unga wa kahawa kwa nguvu ipatayo mara 9 ya mgandamizo wa hewa. Dele halina nguvu hiyo, wala halitaipata kwa maombi. Mzee alikubali ukweli huo akatafuta njia yake. Alipika kahawa nzito, gramu 30 kwa robo lita ya maji, bila kiungo chochote, akaichuja kwa kitambaa safi. Haikuwa ile ya mtambo, lakini ilikuwa na uzito wa kutosha kusimama mbele ya maziwa.

Povu liligunduliwa na mjukuu. Maziwa yalipashwa moto hata nyuzi 60 hivi, yaani kabla ya kuchemka na kabla ya kutanda utando juu. Yalitiwa katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ya jamu iliyokwisha, nusu tu, ili hewa ipate nafasi. Mfuniko ulikazwa, chupa ikafungwa taulo, na mtoto akaitikisa kwa nguvu zake zote kwa nusu dakika. Protini za maziwa huizunguka hewa na kuishika, na maziwa ya nusu chupa hupanda yakakaribia kuijaza. Kahawa sehemu moja, maziwa sehemu mbili, povu juu yake, na mdalasini wa kunyunyiza. Siku za joto walifanya jambo jingine rahisi zaidi: waliloweka unga wa kahawa uliotwangwa kwa ukubwa katika maji baridi, wakauacha ndani ya jokofu usiku kucha, wakachuja asubuhi. Kahawa ya namna hiyo huwa na uchungu mdogo, na huhitaji barafu na subira tu.

Jioni ya kwanza kinywaji kilipofaulu, binti alikunywa, akafumba macho, akasema, "Baba, umenishinda." Alitimiza ahadi yake. Kwa wiki tano hakupita mkahawani. Mzee aliandika hesabu katika daftari: buni, tangawizi, maziwa, makaa na gesi. Kikombe cha nyumbani hakikufika sehemu ya tano ya bei ya kile cha mjini. Ada ya shule ililipwa. Mzee alijiona tena kuwa mtu mwenye faida nyumbani, na kwa mtu aliyestaafu hakuna tonge tamu kuliko hilo.

Wakati huo huo baraza lilizaliwa upya. Yule mtu wa Pangani alimleta rafiki yake. Rafiki alimleta shemeji yake. Fundi wa saa wa ghorofa ya chini alipanda na kashata. Kila siku, kuanzia saa kumi, ukumbi ulikuwa na wazee wanne au watano, dele mezani, na mazungumzo juu. Mtoto alijifunza kutoa kikombe kwa mkono wa kulia na kuwaamkia wakubwa kwa zamu. Mzee hakuugua tena usingizi wa mchana. Alisema moyoni kwamba mkahawa umehamia nyumbani, kahawa yake pamoja na watu wake, bila gharama.

Wiki ya sita binti alichelewa kurudi, siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu mwanawe alimwuliza, bila ubaya wowote, kwa nini kikombe chake cha karatasi kimeandikwa jina lake. Binti alinyamaza. Wageni walipokwisha kuaga, mzee alimwita.

"Kahawa yangu ina kasoro gani, mwanangu?"

"Haina kasoro, baba. Ni nzuri kuliko ya kule."

"Basi?"

Binti alitazama chini, kwa maana alimheshimu baba yake na hakutaka kumjeruhi. "Hapa nainywa nimesimama," alisema. "Kule nainywa nimeketi."

Nyumba ilikuwa na viti sita. Mzee alikaribia kusema hivyo, lakini aliyarudisha maneno nyuma ya meno. Usiku ule hakulala upesi, akaikumbuka jioni yoyote katika zile wiki tano. Binti aliingia mlangoni na mkoba begani. Aliwaamkia wazee watano, mmoja mmoja, akajibu habari za kazi mara tano. Mtoto alimletea daftari la hesabu. Sufuria ilikuwa ikimngoja jikoni. Alipokea kikombe cha baba yake kwa shukrani, akakinywa baina ya sufuria na daftari, akakiosha. Tangu alfajiri alikuwa mfanyakazi wa mtu, na tangu magharibi alikuwa mama wa mtu na mwana wa mtu. Katikati ya siku yake palikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakuwa wa mtu, nako ni kwenye meza ile ndogo ambapo hapana aliyemwamkia mwenziwe. Baba yake alipaona mahali pale kuwa jangwa. Kwake yeye palikuwa kivuli.

Mwalimu alikumbuka somo alilolifundisha mara nyingi bila kulielewa. Nyumba ya kwanza ya kahawa mjini London ilifunguliwa mwaka 1652, na baada ya miaka michache nyumba hizo zilienea mji mzima. Tarehe 29 Desemba 1675 mfalme Charles wa Pili alitangaza kwamba zifungwe kuanzia tarehe 10 ya mwezi uliofuata, akidai kwamba watu waliacha kazi zao na kueneza humo habari za uongo juu ya serikali. Watu walinung'unika hata tangazo likafutwa kabla ya siku yenyewe kufika. Mwalimu alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba kisa hicho ni cha kahawa. Usiku ule aliona kwamba kilikuwa cha viti. Mfalme hakuchukizwa na kilichokuwa ndani ya vikombe, na watu hawakukipigania hicho. Wote waligombea saa moja ya mtu kukaa atakapo na ambao awataka. Kwa wengine saa hiyo ni ya kusema, na kwa wengine ni ya kunyamaza. Mkahawa huuza zote mbili kwa bei ya kikombe, na mnunuzi hudhani amenunua kahawa.

Yeye mwenyewe alikuwa amefanya nini? Aliileta kahawa nyumbani, akachukua kiti kwa ajili yake na rafiki zake, akamwachia binti yake kikombe. Alipunguza gharama, naam. Lakini alichokipunguza zaidi kilikuwa pumziko la mtu aliyemwokoa na upweke. Hesabu ya daftari ilikuwa sahihi kila mstari, na jumla yake ilikuwa na kosa.

Asubuhi alishuka ngazi akazungumza na yule mtu wa Pangani. Chini ya jumba, karibu na lango, palikuwa na ukuta mfupi wenye kivuli cha mwembe, ambao hapana aliyeutumia ila paka. Tangu siku ile baraza likahamia huko, na likapata faida isiyotazamiwa, kwa sababu wapitao waliona dele na kuuliza habari. Saa kumi na moja mzee hupanda juu kutengeneza kikombe kimoja cha kapuchino, hukifunika kwa kisahani, hukiweka katika roshani ya nyuma kando ya kiti kimoja. Si viwili. Kisha humchukua mjukuu na daftari lake la hesabu, wakashuka. Binti arudipo hukuta nyumba tupu, kinywaji kina moto, na mlango wa roshani uko wazi. Hapana amwulizaye habari za kazi mpaka saa kumi na mbili na robo. Sufuria hungoja. Ikiwa chakula kitachelewa, huchelewa. Na mara nyingi hakichelewi, kwa maana mzee amejifunza pia kuosha mchele na kubandika maji.

Siku ya kwanza binti alikaa pale hata povu likatulia. Aliposhuka kuwaita wale, alimkuta baba yake akimweleza mtoto hesabu za sehemu kwa vikombe vya kahawa. Hakusema neno. Alichukua kikombe kimoja kidogo, akajimiminia kahawa chungu ya wazee, akaketi ukutani kati yao kwa hiari yake, jambo ambalo hakulifanya hata mara moja katika wiki zile tano.

Ingekuwa kisa kizuri kama ingeweza kusemwa kwamba hakurudi tena mkahawani. Hurudi. Ijumaa moja kwa mwezi huenda huko na mwenzake wa kazini, na baba yake haiandiki Ijumaa hiyo katika daftari. Kupika nyumbani kinywaji cha mkahawani ni jambo jepesi, la fedha kidogo, na kila mwenye kikaango, chupa ya jamu na kitambaa safi aweza kulifanya leo kabla ya magharibi. Anayetaka kuuhamisha mkahawa wenyewe ana kazi nyingine ya kufanya kwanza. Inampasa amtazame atakayekunywa, ajue kama amechoka na upweke au amechoka na watu, ndipo achague mahali pa kukiweka kikombe.